Karanga za Mama Mkubwa

Nilipokuwa mtoto kule Uru mlimani, mdogo wangu Godlisten alikuwa akila huku bakuli lake limefunikwa khanga. Bibi ndiye aliyeagiza hivyo. Alikuwa na hakika kuna mtu mwenye jicho baya anayemwangalia mtoto akila, na jina la mtu huyo alikuwa nalo.

Ni Mama Mkubwa, mke wa kaka yake baba, aliyeishi Chekereni, huko chini tambarare kwenye mashamba ya mpunga. Hakujaliwa mtoto, na alimpenda Godlisten kupita kiasi. Kila alipopanda kutusalimia alileta mchele na mfuko wa karanga, akampakata mtoto na kumlisha kwa mkono wake. Mara mbili, alipoondoka tu, Godlisten alivimba midomo na kutoka vipele mwili mzima. Hata mimi nikaanza kumchunguza macho yule mama, nikayaona mekundu. Sasa najua lilikuwa vumbi la barabara, lakini ukishamshuku mtu, hata akipiga chafya unajiuliza amekusudia nini.

"Asiyezaa huangalia hivyo," Bibi alimwambia mama jikoni, kwa sauti ya chini.

Mama Mkubwa alipokuja tena, Bibi alimpaka Godlisten masizi kwenye paji la uso, kisha akatoka kumzuia mgeni kwenye uzio wetu wa mimea ya masale.

"Rudi kwako. Huyu mtoto hutamwona akila tena."

"Sawa, Mae," alisema Mama Mkubwa, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. Akaweka mfuko chini, akateremka kati ya migomba bila kugeuka.

Bibi alimfukuza mtu, karanga akaziingiza ndani.

Siku chache baadaye alizikaanga, akazitwanga, akazikorogea kwenye uji wa Godlisten ili mtoto arudishe nguvu. Mlango ulifungwa, na khanga ilikuwa juu ya bakuli. Uji haujaisha, mtoto akaanza kukoroma, macho yamefumba kwa uvimbe. Nililia nikijua anakufa. Jirani mwenye pikapu akatukimbiza hospitali mjini.

Sindano ilipomfungua pumzi, daktari akauliza, "Alikuwa amekula nini?"

"Usiulize alikula nini," Bibi akamjibu. "Uliza nani alimwangalia."

"Haya, Bibi. Nani alimwangalia?"

Siku ile aliyemlisha na kumwangalia ni Bibi mwenyewe. Daktari akasema ni karanga, mwili wa mtoto unazikataa.

Tuliporudi Bibi alikata jani la isale kwenye uzio uleule, akalifunga fundo, akateremka nalo Chekereni pamoja nasi. Kwetu, anayekuja na isale kuomba msamaha hakataliwi. Mama Mkubwa alilipokea kwa mikono miwili, akatupikia wali, na neno baya hakusema.

Leo naishi mtaa wa Soweto, hukohuko mjini, na binti yangu hawezi kuonja yai bila kuvimba. Nachungulia sufuria za watu, nauliza keki imetiwa nini, na majirani wanasema naogopa kulogwa. Waseme tu. Bibi alikuwa na haki ya kushuku, ila alikagua uso wa mtu na bakuli akaliacha.

Mama Mkubwa sasa ni mzee, na huja kututembelea. Anamwimbia binti yangu na kumsuka nywele. Lakini nikileta chakula cha mtoto, yeye hugeuza kiti akatazama ukutani.

"Mama Mkubwa, geuka basi," nilimwambia juzi.

"Acha ale kwanza, mwanangu," akasema.