Friji Iliyobugia Umeme
Mshonaji mmoja alikuwa mchapakazi, ila kwenye umeme alikuwa na mkono wa birika. Bili ilipopanda, lawama zote alimtupia mama mkwe wake, aliyeshinda chumbani na redio.

"Mama, redio hiyo itatufilisi," alimwambia, tena mbele ya wateja.

Bibi wa watu aliizima, asiiwashe tena. Bili ikazidi kupanda. Ndipo mshonaji akamwita fundi, akamlalamikia ile redio, lakini fundi akaenda moja kwa moja kwenye friji kuukuu jikoni. Alivuta mpira wa mlango, ukamkatikia mkononi.

"Baridi yote inavujia hapa, dada. Mashine haipumziki hata kidogo. Redio inakula nini mbele ya friji hii?"

Uso ulimshuka mshonaji. Alinunua friji mpya, ndogo, isiyobugia umeme, na bili ikapungua karibu nusu. Lakini moyo ulikataa kutulia, mpaka akamfuata mkwewe chumbani.

"Mama, nisamehe. Nilikuonea."

"Yameisha, mwanangu," bibi alijibu kwa upole. "Na kimya nimeshakizoea."

Mshonaji aliona heri angetukanwa. Alirudi kwenye cherehani, akashona upindo ule ule mara mbili bila kujijua.