Ng'ombe wa Jirani Alipatikanaje?

Nina ugonjwa wa kuuliza maswali. Nilikuwa naandika hadithi ya watoto kuhusu vita ya Mjerumani na Mwingereza, jinsi watu wa mlimani walivyoishi wakati wanajeshi wageni wakipita nyumba kwa nyumba kuchukua mifugo. Jambo moja lilininyima raha. Tangu utotoni niliambiwa kuwa ng'ombe wa jirani yetu alifichwa kwenye shimo ndani ya kihamba chao, yaani shamba la migomba la ukoo, mdomo wa shimo ukafunikwa kwa migomba mikavu, na bado wanajeshi wakampata. Walimpataje?

Jumamosi moja nikapanda kutoka Rau hadi kwetu Marangu kumuuliza shangazi, aliyelelewa na bibi yake aliyeiona vita ile. Nilimkuta akimenya ndizi.

"Unataka ya kitabuni au ya kweli?"

"Ya kweli, shangazi."

"Bibi ndiye aliyewaonyesha."

Alikuwa na miaka kama sita. Mwanajeshi hakujua Kichagga, kwa hiyo alichuchumaa mbele yake akalia kama ng'ombe. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, maana alikuwa hajawahi kuona mtu mzima akicheza hivyo. Kisha akamshika mwanajeshi kidole, akampeleka shimoni. Uzeeni alimwambia shangazi peke yake, na kumwonya asiseme.

Niliona aibu. Lakini nisiwe mnafiki, nilifurahi pia, kwani hadithi yangu ilikuwa imepata uhai. Nikatoa kalamu.

"Weka hiyo kalamu," shangazi akasema.

Akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la sale na kulifunga fundo. Kwetu anayeomba msamaha huja na jani hilo, na si rahisi kumkatalia.

"Hili peleka kwa jirani kwanza. Akikupokea, andika. Akikataa, hicho kitabu kife."

Jirani sasa ni mjukuu wa wenye ng'ombe, mzee wa miaka themanini na ushee. Nikavuka mpaka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na sale mkononi?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Jani hata hakulitazama.

"Kwa hiyo ng'ombe hakulia?"

"Hakulia, babu. Walionyeshwa."

"Sisi tuliambiwa alilia kwa njaa, ndiyo wakamsikia. Bibi yangu alikuwa ameshuka kukata majani, akachelewa kurudi. Babu alimlaumu mpaka anaingia kaburini."

Akaniambia alivyomkumbuka bibi huyo, mgongo umepinda, akitoka kukata majani kabla hakujapambazuka na kumrundikia ng'ombe aliyekwisha shiba. Wajukuu walimtania. Aliwaacha wacheke, akarudi kukata mengine.

Nilitamani kumuuliza kama amesamehe, kama naweza kuandika. Kwa mara ya kwanza maishani swali lilinishinda.

Mzee akanyoosha mkono, akapokea jani. Akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kwa kuwa hakunikataza. Kati ya migomba kulikuwa na kaburi la zamani. Aliinama kwa taabu, akaliweka lile sale juu yake, akasema kwa Kichagga, polepole, kwa sauti ya kumwambia mtu mwenye masikio mazito:

"Bibi, hukuchelewa."