Tairi za Gari la Mume Wangu

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Mtu wa Kasulu aliyeula ugali ule haulizi ni mwaka gani. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa kambini, unga wa mahindi ya njano waliogawiwa ukavuka hadi sokoni kwetu, na sisi tuliokuzwa kwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese tukaanza kumeza kitu chenye rangi ya kifaranga. Watoto walikataa, kisha wakazoea. Mimi sikuzoea. Nilikula tu, maana tumbo halina macho.

Mwaka huo ndipo mjukuu wangu wa kike, niliyemlea tangu hajaota meno, alipoposwa na watu wa Kibondo. Baba wa kijana alikuja mwenyewe na ndugu zake. Alikuwa mfanyabiashara, mtu mpana, anacheka kabla hujamaliza kusema. Tulisalimiana kwa makofi kama desturi yetu Waha ilivyo, tukaulizana habari za watu, za ng'ombe na za mvua, tukarudia tena za watu. Basi jicho lake likaangukia banda la nyasi pembeni mwa nyumba, na ndani ya banda gari la marehemu mume wangu.

"Mama mkwe," akasema, "lile dude bado linakula mafuta, au siku hizi linakula vumbi?"

Nikamjibu, "Ndilo litakalomleta mkweo kwako."

"Kwa kamba, au litasukumwa na vijana?"

Watu wakacheka, hata wa upande wangu. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu mbele yao wote, nikasema, "Litafika uani kwako kwa magurudumu yake, na mimi nikiwa ndani."

Kicheko kikakatika. Kwetu neno ulilolipigia makofi mbele ya wakwe halirudi mdomoni. Ukilivunja, halikusumbui wewe uliyebaki kwako, linamsumbua msichana uliyempeleka. Wanawake wa kule wangemtungia wimbo wa kutwangia: bibi yako mwongo, wewe je? Angeusikia kila asubuhi kinuni mpaka azeeke. Nilijua hilo wakati magoti yangu yako chini, na bado nikasema.

Sasa nilieleze lile gari. Lilikuwa la Kimarekani, milango miwili tu, boneti ndefu unaweza kumlaza mgonjwa, na injini ya silinda nane. Mume wangu alilinunua kuukuu kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama, zamani, wakati Kasulu yote magari ungeyajua kwa sauti. La kwetu lilinguruma chini, kama fahali aliyefungiwa. Siku moja liligonga ng'ombe njia ya Buhigwe, ubavu wa mbele ukakunjika. Mume wangu aliyanyoosha madigadi, yale mabati yaliyofunika tairi kama mabega, kwa nyundo ya mti aliyoichonga mwenyewe. Alifanya kazi hiyo masika yote. Ukipitisha kiganja mpaka leo utazisikia zile nyundo chini ya rangi, moja moja. Mimi ndiye niliyekuwa nashika bati upande wa pili.

Injini haikunitia wasiwasi. Tangu afe, kila siku ya soko mwanangu alikuwa analiwasha. Ubaya ulikuwa kwenye tairi. Zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi, na mbili nyuzi zake zilikuwa nje. Kwenda nazo Kibondo ni kama kwenda msituni na fimbo ya bua.

Mwanangu alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo kambini. Miaka ile barabara za kwetu zilijaa magari marefu ya misaada, na kila dereva aliugua ugonjwa mmoja: anataka gari lake lirefuke kwenda juu. Udongo wetu ni mwekundu na unanata, masika ukikushika unakuvua kiatu, basi wakaamini dawa ya tope ni urefu. Hata mwenye kigari cha kubebea vitunguu alikiinua kikawa kama mbuzi juu ya jiwe. Mwanangu naye akaja na tairi nne kubwa pamoja na rimu zake, anatabasamu kama mtu aliyeoa.

"Mama, shida imekwisha. Hizi zinakwenda mahali popote."

"Zinakwenda. Gari letu je, litakwenda nazo?"

Alizifunga. Gari likasimama juu, sikulitambua. Akaingia, akakata usukani kulia, tukasikia kwaaa! Tairi limeuma digadi. Akakata kushoto, kwaaa! Akashuka, akazunguka, akapiga bati kwa kidole.

"Si kitu. Tunakata hapa kidogo na hapa kidogo. Kipande kama cha sahani tu."

Akaingia ndani kufuata msumeno wa chuma. Alipotoka alinikuta nimekaa juu ya digadi, kanga nimeifunga kiunoni.

"Mama, shuka bwana, harusi inakuja."

Nikamwambia, "Gari hili halikatwi. Kichwa hakichongwi ili kofia ienee."

"Sasa utampeleka na nini? Mgongoni?"

"Kwa tairi zinazolifaa."

"Zinazolifaa hazipo! Nimeuliza Kasulu, nimeuliza Kibondo, nimeuliza mpaka Kigoma. Gari la aina hii lenyewe halipo, tairi lake litatoka wapi? Mama, unashikilia bati wakati mtoto anaharibikiwa."

Neno hilo liliniingia. Lakini sikushuka mpaka aliporudisha msumeno ndani.

Asubuhi, mwanangu alipokwisha kurudisha tairi zetu za zamani, nililitoa tairi la akiba kwenye buti. Lilikuwa la asili, halijatembea sana, mume wangu alilitunza kama mbegu. Mimi shule niliiacha darasa la pili, ila namba ni kama ng'ombe, ukishawachunga huwasahau. Mume wangu alinifundisha kwamba tairi limeandikwa ubavuni, na namba ya kwanza kuitazama ni ile ya mwisho, ya tundu, inayokuambia rimu ya kuingia. La kwetu lilikuwa kumi na nne. Ukishapata tundu, tazama kimo. Ukishapata kimo, tazama mapana. Watu huanza na mapana kwa sababu yanapendeza. Ni kama kuchagua mke kwa kumtazama kwa nyuma.

Kimo nilikipima kwa kamba ya mgomba. Niliichana, nikaizungusha tairi la akiba mgongoni, nikafunga fundo ilipokutana, kama ninavyopima mdomo wa kapu kabla sijasuka mfuniko. Mapana niliyapima kwa kiganja, pale kati ya tairi na springi, ambapo kiganja changu kilipita kikiwa kimelala. Kikibana hapo, tairi litasugua ndani ambako hulioni, na utalijua likiwa limeshapasuka. Nikaitia kamba kifuani, nikamwambia mwanangu twende sokoni.

Pale sokoni kulikuwa na Mkongo mmoja muuza tairi, Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa. Alipomsikia mwanangu akilitaja gari, macho yakamtoka.

"Mama, hiyo ni gari ya nguvu! Minane silinda? Basi inafaa pine pana. Angalia hii. Hii ni ya bwana mukubwa."

Pine ndiyo tairi kwao. Kweli lilikuwa pana, limelala chini kama chura, linang'aa. Nikatazama namba ya mwisho: kumi na nne. Mwanangu akaniangalia kwa furaha. Nikatoa kamba yangu, nikaizungusha. Ikabaki inaning'inia kiasi cha kiganja na zaidi.

"Fupi," nikasema.

"Mama, pine si muntu, mbona unapima kimo?"

"Kwa sababu tumbo la gari litashuka. Njia ya Kibondo malori yameichimba pande mbili, katikati pamebaki tuta. Tumbo likikaa juu ya tuta, magurudumu yatazunguka hewani, na wewe hutakuwepo kusukuma."

Akacheka. "Eee, mama huyu ni inspekta!"

Nilipita rundo zima. La rimu kumi na tano hata sikulishika. Hapo nikaona, nyuma kabisa, tairi za kipanya, yale mabasi madogo ya abiria. Nyembamba, meno marefu, mbavu ngumu. Namba ya mwisho kumi na nne. Nikazungusha kamba, na fundo likakaa juu ya fundo. Nikalisukuma ubavu kwa goti, halikubonyea. Tairi lililoumbwa kubeba abiria na magunia yao haliwezi kushindwa na bibi harusi na shoga zake.

Mwanangu akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mama, tafadhali. Gari la silinda nane livae tairi za kipanya? Ni kama simba kavaa kandambili. Kibondo watatuchekaje?"

"Watacheka wamesimama. Sisi tutakuwa tunakwenda."

"Lakini kwenye tope, tairi jembamba..."

"Kwenye tope unatumia jembe au sinia? Jembamba linakata mpaka kwenye udongo mgumu na kushika. Pana linaelea juu kama sinia, linakupeleka mtaroni."

Nilizikagua nne ziwe ndugu, namba sawa na meno sawa. Moja ilikuwa imeliwa upande, Mkongo akaapa kwa mama yake kwamba ni nzima, nikaikataa, akaleta nyingine huku anacheka.

Nyumbani tulizifunga kwenye rimu zetu za zamani. Zikaingia. Mwanangu akakata usukani mpaka mwisho, kulia, kushoto. Nilisikiliza nimeinama. Kimya. Nikapitisha kiganja kwenye springi, kikapita kimelala.

Ikabaki pumzi. Aliyezijaza alizijaza kama za kipanya chenye watu, na gari letu lilikuwa tupu, likaruka ovyo kwenye kila kokoto. Hapo nikafanya kama mume wangu alivyokuwa anafanya. Nilimwaga jivu la jikoni uani, nikalitandaza, tukalipitisha gari juu yake polepole. Jivu lilishika katikati ya tairi tu, pembeni pakabaki safi. Maana yake tairi limevimba, linasimama kwa kidole kimoja. Tukapunguza pumzi, tukapita tena. Tukapunguza, tukapita. Mpaka jivu likashika meno yote, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikamwambia mwanangu, "Sasa limekanyaga." Alipitisha kidole kwenye jivu, akalitazama gari la baba yake, akaenda kuliosha bila kuagizwa.

Siku ya kwenda ilinyesha tangu alfajiri. Mjukuu alikaa nyuma na shoga zake, mimi mbele na kamba yangu ya mgomba kifuani, sijui kwa nini, niliona isibaki. Baada ya Kasulu njia ilikuwa uji. Tulipita magari yaliyolala mtaroni, na mawili kati ya hayo yalikuwa yale marefu, tairi kama mitungi. Niliona mdomo wa mwanangu unavutika upande. Kwenye mteremko mmoja karibu tuingie Kibondo gari liliteleza kidogo, wasichana wakamlilia mama kwa Kiha, "Mawe! Bibi, tunakufa!" Nikasema, "Nyamazeni, hamjaolewa bado." Tairi zikakata tope, zikashika chini, tukapanda upande wa pili injini inanguruma.

Tuliingia uani kwa mkwe kwa magurudumu yetu. Gari lilikuwa jekundu la matope mpaka kwenye vioo. Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakatulia kunitazama ninavyoshuka. Nikashuka polepole makusudi. Mjukuu wangu akashuka nyuma yangu, ameinua uso. Mkwe mwanamume akaja, akainama, akazikagua tairi, akapiga makofi ya salamu, safari hii ya heshima kweli, yale ya mikono iliyopinda.

"Mama mkwe, nimekula maneno yangu."

"Ni matamu kuliko ugali wa njano," nikamjibu, na ua mzima ukacheka.

Tulikula, tukacheza. Wimbo wanawake walioutunga siku ile ulikuwa wa gari lenye sauti ya fahali, na mjukuu wangu ametwangia wimbo huo mpaka hata wakwe zake wakasahau ulianzaje.

Kesho yake, wakati wa kuagana, mkwe akalizunguka gari tena. Alipitisha mkono kwenye digadi, pale pale penye nyundo za mume wangu. Niliona macho ya mfanyabiashara yamemrudia.

"Mama mkwe, sasa sisi ni ndugu, nizungumze kindugu. Injini hii imelala bure. Niachie hapa. Nitaliinua, nitalivika tairi kubwa, lipeleke mizigo kambini, tugawane. Ni kukata tu hapa kidogo, na hapa. Fundi wangu ana mkono mwepesi, hata hutaona."

Mwanangu alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Aligeuka kunitazama, na kabla sijafungua mdomo akawasha injini. Nikapanda, nikafunga mlango, nikatoa kichwa dirishani ili ua mzima usikie.

"Gari hili halikatwi. Kichwa hakichongwi ili kofia ienee."