Voliumu ya Mama Fausta yamkosesha raha fundi wa Tunduma

Tunduma. Asubuhi hii malori yaliyopanga foleni ya kuvuka mpaka yameanza kunguruma, na Boazi Nzunda anayalaani kimoyomoyo. Anataka kimya. Anazungusha voliumu kidogo, anasikiliza, ananyanyuka, anakwenda mlangoni, anarudi, anazungusha tena. Chai yake imepoa hadi imeshika utando.

Mezani kuna kiboksi cha mbao kisichozidi ukubwa wa mkate. Hakina waya wa umeme wala taa. Kinakaa kati ya deki ya kaseti na amplifaya, na kazi yake ni moja tu, kupunguza sauti.

“Watu wanadhani hiki ni kitu chepesi,” anasema Boazi, fundi wa redio aliyezaliwa Hasamba na kuhamia mjini akiwa kijana. “Hakiongezi chochote, kinapunguza tu. Kwa hiyo ukikosea voliumu, umekosea vyote.”

Mwenye kiboksi ni Mama Fausta Mwashiuya, mjane wa Nanyala. Marehemu mumewe, mzee Sadoki, alimwachia amplifaya kubwa iliyotolewa kwenye ukumbi, ya aina isiyo na voliumu. Ukiiwasha inapiga kwa nguvu zake zote. Alimwachia pia kaseti ya kwaya ya kanisa lao, ambamo yeye mwenyewe anaimba besi.

Mama Fausta anaishi na mama mkwe wake, mgonjwa asiyeweza kuvumilia kelele. Anachotaka ni kumsikia mumewe kwa sauti ya chini, jioni, akiwa amekaa. Basi.

‘Basi’ hilo limemtesa Boazi tangu mvua za kwanza.

Voliumu ya kwanza aliinunua ng’ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. “Yule muuzaji akaniambia, ‘Ba fundi, hii ni orijino.’ Nikaamini kwa sababu ilikuwa inang’aa,” anasema. Ikafungwa, ikajaribiwa, ikapelekwa Nanyala. Haikupita wiki, Mama Fausta akawa mlangoni na kiboksi ndani ya kitenge.

“Fundi,” alimwambia, “umeniletea akina mama peke yao.”

Hakuwa anatania. Kanisani kwao akina mama hukaa kushoto na wanaume kulia, na aliyeirekodi kwaya ile aliweka maikrofoni mbili, kila upande yake. Nyumbani akina mama wanatoka spika ya kushoto, na mzee Sadoki na wenzake wanatoka ya kulia, pembeni ya kiti alichokuwa akikalia. Ile voliumu inayong’aa, ukiishusha, upande wa kulia ulikuwa unazimika kabla ya wa kushoto. Mzee anaondoka, wake wa watu wanabaki wanaimba.

Boazi akang’oa voliumu nyingine kwenye redio kuukuu ya Kijapani. Hiyo haikupoteza upande, lakini kila ikiguswa ilikwaruza kama mtu anayepepeta mchele. Ikarudi.

Mara ya tatu akafanya ujanja. Aliunganisha pande mbili zikawa moja, sauti zote zikatoka sawa kwenye spika zote. Aliipeleka mwenyewe Nanyala, akajisikia mjanja njia nzima. Mama Fausta alisikiliza beti mbili, akatikisa kichwa.

“Sasa mzee umemsimamisha katikati ya akina mama,” alisema. “Hajawahi kusimama hapo.”

Ukimsikiliza Boazi akisimulia utacheka, na yeye mwenyewe anacheka kidogo. Kisha ananyanyuka tena kwenda mlangoni. Ni mtu asiyetulia, na sababu haikuwa voliumu peke yake.

Aliyeigundua ni mkewe, Tumpe, anayeuza maparachichi kibaraza cha pili. “Mimi nikimwita kutoka upande wangu haitiki,” anasema bila kuacha kupanga matunda. “Nikihamia upande wa pili anaitika. Nilidhani ni kiburi. Tumegombana sana kwa hilo.”

Boazi alikataa, kama wanaume wengi wanavyokataa jambo wakiambiwa na wake zao. Siku moja, Tumpe akiwa sokoni, akawasha nakala ya kaseti ile, aliyoitoa kwa ajili ya majaribio, akajipima.

“Wanaume walikuwa chini kidogo, kama nilivyozoea,” anasimulia. “Nikageuza kiti, nikazipa spika mgongo. Wanaume wakapanda, akina mama wakashuka. Spika hazijahama, waya sijaugusa. Nikajua kibovu ni mimi.”

Sikio la kulia. Miaka mingi amelisogeza kwenye spika za honi za wahubiri wa sokoni na kwenye vyombo vya muziki vya misibani, akitafuta waya uliolegea huku muziki unapiga. Daktari alimwambia kilichokwisha hakirudi. Na ndiyo maana voliumu ya Nakonde ilimpita: upande wa kulia ulipofifia, kwake ilikuwa kawaida.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Siku nzuri huondoka na elfu ishirini, siku mbaya huondoka na vumbi, na vyote vinatokana na watu kuamini masikio yake. Tunduma umbea hauna foleni ya mpaka. “Fundi wa sauti asiyesikia,” anasema. “Nani atamletea redio?”

Safari hii ameacha kuchagua kwa sikio. Amechukua swichi ya kuzungusha yenye ngazi, ya aina inayolia ‘tak’ kila ikisogea. Kila ngazi ameifunga resista zake, vile vipande vidogo vyenye mistari ya rangi vinavyopunguza sauti. Kila resista ya kushoto ameipima kwa mita na kuitafutia mwenzake wa kulia aliyelingana nayo. Zisizolingana zimejaa kopo la maziwa. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo, na voliumu ya kununua ingefungwa kwa saa moja tu.

“Mita haina sikio bovu,” anasema. Lakini haonekani kuiamini sana. Anachungulia barabarani.

Mama Fausta anafika jua likiwa limepanda, kitenge kimefungwa vizuri, kingine mkononi. Anasalimia, anakaa kati ya spika mbili, na hasubiri kuelekezwa. Anazungusha. Tak. Kwaya inashuka. Tak. Inashuka zaidi. Kwenye ngazi ya chini kabisa Boazi anasikia akina mama tu, kwa mbali. Anamtazama mjane usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

“Mama, yupo?” anauliza.

Mama Fausta ameinamisha kichwa kuelekea kulia.

“Yupo,” anasema. “Na ubeti wa pili amewahi kuingia kabla ya wenzake, kama kawaida yake.”

Boazi angeweza kunyamaza hapo. Kiboksi kimepona, mteja ameridhika, na hakuna aliyemuuliza kitu. Tumpe, aliyesogea mlangoni, anamtazama.

“Mama,” anasema Boazi, “mimi sijamsikia. Sikio langu la kulia limekufa. Ile ya kwanza niliikosea kwa sababu hiyo.”

Malori yananguruma. Mama Fausta anazima deki, anaanza kukifunga kiboksi kwenye kitenge, polepole mno kwa mtu anayemtazama.

“Vyombo vya muziki vya kwaya vimeharibika,” anasema mwishowe. “Mimi ndiye mtunza vyombo, na tulitaka kuvipeleka Mbeya mjini. Nitavileta hapa. Wewe upime, mimi nitakaa hapa nisikilize.”

Boazi anasema hajui kama wateja wengine watakubali kufanyiwa kazi namna hiyo. Anataka kuwaambia wote, mmoja mmoja, kabla hawajaambiwa na watu. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anavuta kiti na kukaa.