Fundi wa Buyenzi na injini ndogo kuliko ngumi

Jua limeshapanda Buyenzi, mtaa wa mafundi jijini, na Hamissi Sefu amefumba macho. Mkononi ana injini inayoenea kwenye kiganja. Anavuta kamba ya kuwashia polepole, si kwa kuiwasha bali kuisikiliza. Kamba inakwenda kidogo, kisha inagoma.

"Imekufa hiyo, Muze," anasema Divin, fundi pikipiki wa kibanda cha jirani. "Leta nyundo tuizike."

"Nyundo utapigia kichwa yako," anajibu Hamissi, akiwa bado amefumba macho. "Mi sijasema imekufa."

Kwenye benchi, Caritas Ndayizeye anacheka kidogo. Injini hiyo ni ya gari dogo la marehemu mume wake, Audace. Ni gari la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti, lakini linachoma mafuta na kutoa moshi kama gari kubwa. Kesho, nyumbani kwao Gatumba, familia inamaliza kilio, ndiyo siku ya mwisho ya msiba. Caritas anataka gari hilo lisikike uani kabla watu hawajatawanyika.

Audace alikuwa dereva wa familia ya wageni kutoka nje huko Kinindo. Walipohama, walimwachia gari hilo dogo. Kila Jumapili baada ya misa aliliwasha, na kila Jumapili Caritas alimpigia kelele kutoka jikoni: "Zima!"

"Maji ya mto Rusizi yalipoingia nyumbani, alitoa watoto, akatoa hili gari, akatoa godoro," anasimulia Caritas. "Mi nilijitoa mwenyewe."

Hamissi hajawahi kushika injini ya namna hii. Ufundi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga kabureta za pikipiki. Tangu petroli iadimike jijini na pikipiki nyingi zilale, anapokea chochote kinachonguruma: pampu, jenereta, mashine za kusaga. "Siku zingine narudi nyumbani na mafuta kwenye mikono tu," anasema.

Anafungua plagi. Hii haitoi cheche kama plagi ya pikipiki. Ndani yake mna kiwaya kilichojiviringa, chembamba kama unywele. Anakigusisha kwenye betri ya tochi, nacho kinawaka rangi ya chungwa. Ni kizima. Anaigeuza injini juu chini, na tone linadondoka kwenye kidole chake. Ananusa: petroli.

"Nani alitia esansi humu?"

"Shemeji yangu," anasema Caritas. "Alipanga foleni kutwa kupata chupa moja. Alifikiri anatusaidia."

Hamissi halaumu mtu. Katika jiji ambalo kila chombo kilicholala kinasubiri petroli, nani angedhani ipo injini inayoikataa? Anaisuuza kwa spiriti, anaikausha, anaitia tone la oili.

Katika chupa aliyoiacha Audace yamebaki kidogo mafuta yenyewe ya injini hiyo, ya rangi ya waridi, na Hamissi hajui pa kupata mengine. Ili kuyajaribu, anaweka tone kwenye kifuniko, anakisogeza mbali na chupa, analigusa kwa kiberiti. Hakuna kinachoonekana. Divin anaguna. Hamissi anasogeza kijiti cha fagio juu ya kifuniko, na kijiti kinashika moto hewani, kana kwamba jua limekiwasha.

Divin anainama kukichungulia kifuniko.

"Moto upo," Hamissi ananong'ona. "Sisi ndio hatuuoni."

Kunabaki kule kugoma. Anazungusha tena na tena, hana haraka. Chuma kilichokufa hukwama ovyo, anaeleza; hiki kinabana mahali pamoja tu, pistoni inapofika juu kabisa. Anachungulia. Pistoni haina ringi, na silinda inazidi kuwa nyembamba kuelekea juu.

"Walioitengeneza walitaka ibane hivi," anasema, kama mtu aliyeonyeshwa siri. "Ikipata joto itaachia."

Kwa ombi lake, Yasmina, muuza chapati wa ng'ambo ya njia, anapasha kitambaa chake juu ya kikaango. "Muze, kisirudi kinanuka mafuta. Chapati zangu watu wanakula!"

Hamissi anaifunika injini kwa kitambaa mpaka ipate joto, anaifunga kwenye gari, kisha anamimina mafuta kidogo. Anaziba ekzosi kwa kidole na kuvuta kamba. Mafuta yanatambaa ndani ya mpira hadi kwenye kabureta. Anaunganisha betri kwenye plagi. Anavuta. Injini inakohoa. Anavuta tena. Kimya.

"Muze," Caritas anasema taratibu, "ukiyamaliza mafuta leo, kesho tutasikia nini?"

Hamissi anaigusa injini. Imeshapoa. Anaomba kitambaa tena, anasubiri, anafungua skrubu ya mafuta kidogo tu. Anavuta.

Sauti inayotoka ni kubwa mno kwa kitu kidogo hivyo. Inapanda, inakuwa kali, na moshi wa samawati wenye harufu tamu unajaa kibandani. Wapita njia wanasimama. Divin ameacha mdomo wazi. Hamissi anaitazama mikono yake kama si yeye aliyeivuta kamba.

Anashika mpira wa mafuta, tayari kuubana. "Nizime, mama?"

Caritas anafungua mdomo, na neno lile la Jumapili halitoki.

"Apana," anasema. "Bado."

Hamissi anaiacha ilie kidogo, kisha anaubana mpira. Chini ya chupa kumebaki mafuta ya kuwashia mara moja tu, labda.

Kesho Hamissi hatafungua kibanda. Atakwenda Gatumba na betri yake na kitambaa cha Yasmina.

"Huyu mutu sikumujua," anasema, akilifunika gari kwa kanga. "Lakini injini yake nimeisikia. Namuomba Mungu kesho iwake kwa mvuto mumoja tu, ule wa kwanza."