Sare ya Nyuma ya Mlango

Mume wangu ni fundi cherehani, na makarani wote wa kampuni ya umeme huvaa sare alizoshona yeye. Kila kampuni hiyo ikitangaza kazi anaomba, na kila mara mtihani wa Kiingereza unamwangusha. Siku hizi anakanyaga cherehani huku nikimuuliza maneno yenye maana moja.

"Big?"

"Large," anajibu, pini mdomoni.

"Ongeza lingine."

"Mama watoto, usinitie presha."

Nyuma ya mlango imetundikwa sare aliyojishonea alipoomba mara ya kwanza. Jana aliivaa, akakaa kidogo mezani kama yuko ofisini. Nikajifanya sioni. Kisha akaivua, akafumua kiuno cha suruali, akakiongeza tena.