Kamba Waliyoiondoa Kimyakimya

Naandika haya kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zinalala huku na huku. Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nilishuka Mang'ola kijana asiye na viatu, nikapakia vitunguu vya watu kwenye malori, mwishowe watu wakapakia vyangu. Nyumba ninayokaa hapa Karatu niliijenga kwa mkono wa kulia. Nasema hivyo ili ujue ni mkono gani tunauzungumzia.

Kiharusi kilinikuta asubuhi nikifunga kiatu. Jina la hospitali silitaji. Waliniokoa, hilo sikatai. Mdomo ukanyooka, mguu ukarudi, natembea mpaka sokoni bila kushikwa. Mkono wa kulia ndio ukabaki umekufa ganzi. Nikakabidhiwa kwa watu wa mazoezi ya viungo, na hasa kwa binti mmoja mwembamba, umri wa kitindamimba wangu, mwenye vyeti vyote wanavyovitaka serikalini.

Katika chumba chao cha mazoezi walikuwa wamefunga kapi kwenye boriti, likapitishwa kamba. Kapi nalijua, tulikuwa tukitolea injini ya Fuso gereji. Mkono mzima unashika ncha moja ya kamba, ule mgonjwa wanaufunga kwa kitambaa kwenye ncha nyingine. Ukivuta, ule mgonjwa unapaa mpaka juu ya kichwa.

"Vuta babu, vuta," alikuwa akisema yule binti. "Msimu ujao utabeba gunia mwenyewe."

"Gunia nabebewa siku hizi. Mimi nataka kushika kijiko."

Alicheka, na mimi nikacheka. Siku zile tulikuwa tunaelewana.

Baadaye bega likaanza kuwaka kwa ndani, kama mtu kapitisha msumari wa moto kati ya mfupa na mfupa. Nikamwambia. Nilimwambia wazi kabisa: binti, kamba hii inaniumiza. Akasema ni kawaida, misuli inaamka, nivumilie kidogo. Basi, nikavumilia. Kwetu mwanamume hufundishwa tangu jandoni: la mwili wako unalisema mara moja. Ukilirudia, umekuwa mtoto. Nikavuta kuliko nilivyoagizwa. Nikamwita fundi anifungie kapi lingine kwenye boriti ya stoo nyumbani, nikawa navuta asubuhi na jioni nimegeukia ukuta ili mke wangu asinione uso.

Ikafika mahali siwezi kulalia ule upande. Shati navalishwa. Gari likipita kwenye shimo, jasho linanitoka. Mkono ambao zamani ulikuwa hausikii kitu, sasa ulikuwa unasikia kitu kimoja tu.

Ndipo akaja mkutubi. Mwanzoni nilidhani amekosea njia. Mtunza vitabu anatafuta nini kwa watu wa kukunja magoti? Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, katoka chuo kimoja huko mjini kuja kuwafundisha namna ya kutafuta tafiti. Chumba cha mikutano kilikuwa kimechukuliwa na semina nyingine, wakamweka mlemle chumba cha mazoezi. Sisi wagonjwa tukaambiwa tukae kwenye benchi barazani, chini ya dirisha, tusubiri wamalize. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa na masikio, sikuwa na kazi nyingine.

Niseme ukweli, mama yule alijua kufundisha. Aliwaambia swali la mgonjwa lina vipande vinne: mgonjwa ni nani, unamfanyia nini, ungeweza kumfanyia nini kingine, na unataka apate nini. Ukishalipanga hivyo ndipo unaingia kwenye mtandao kutafuta. "Na msitafute jibu mnalolipenda," akasema. "Tafuteni jibu."

"Madam, na kama mtandao wenyewe haupo?" kijana mmoja wa mazoezi akamuuliza. Wenzake wakacheka.

"Utakuja. Mchumba ukimsubiri, utashindwaje kusubiri mtandao?"

Kisha akawachorea ngazi ubaoni. Niliiona nilipoinua shingo. Alisema juu kabisa ya ngazi ni tafiti nyingi zilizokusanywa zikapimwa pamoja. Chini yake utafiti mmoja mmoja. Chini zaidi mazoea ya mtaalamu. Na chini kabisa, karibu na ardhi, habari ya mgonjwa mmoja. Nilimsikia vizuri. Mgonjwa mmoja yuko chini kabisa.

Akawataka watoe swali la kwao wenyewe. Nikasikia sauti ya binti yangu wa kamba.

"Mzee aliyepata kiharusi," akasema, "mkono wa kulia umelegea. Anavuta kamba ya kapi juu ya kichwa. Tukilinganisha na mazoezi ya taratibu mkono ukiwa umeegemezwa. Tunachotaka ni bega lisiume."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Aliyekaa karibu nami kwenye benchi, mama wa Kimasai aliyekuja kutoka Ololosokwan na goti lake, alinitazama akatazama bega langu. Sikumrudishia macho.

Walitafuta. Mtandao ulikatika ukarudi. Mkutubi akasoma kwa Kiingereza, kisha akawauliza waseme kwa Kiswahili wameelewa nini. Kijana yule aliyetaniwa habari za mchumba ndiye aliyejibu, na sasa hakuwa na utani. Alisema mkono uliolegea ukivutwa juu ya kichwa kwa kapi, bega linaweza kuumizwa. Kwamba watu walishalinganisha, na waliovuta kamba ndio walioumia zaidi. Kwamba mtaalamu haifai ampe mgonjwa wa namna hiyo kamba.

"Ni habari mpya hii?" mtu akauliza.

"Hapana," mkutubi akasema. "Ni ya zamani. Baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa."

Nilikaa pale kwenye benchi. Magari ya watalii yalikuwa yanapita barabarani kwenda geti la hifadhi kama kila siku, vumbi jekundu linatua kwenye viatu vyangu. Jibu lilikuwa limekaa mahali fulani limeandikwa tangu enzi hizo, na mimi navuta.

Niliporudi zamu yangu iliyofuata, kamba haikuwepo. Kapi limefunguliwa, boriti imebaki na alama ya kusuguliwa. Binti akanikalisha mezani, akauweka mkono juu ya kitambaa, akaniambia niusukume taratibu mbele na nyuma. Hakuniangalia.

"Kamba iko wapi?" nikamuuliza.

"Tumeboresha utaratibu, babu."

"Kwa nini?"

Akaenda kumwita mkuu wake. Huyo alikuja na tabasamu na kalamu mfukoni. "Shikamoo mzee. Unajua, sayansi inabadilika kila siku."

"Haikubadilika. Nilikuwa dirishani, nimemsikia mwalimu wenu. Nyinyi ndio hamkuwa mmesoma."

Tabasamu likamwisha. Akasema wataniandalia dawa ya maumivu, akaondoka. Hata wagonjwa wengine, ambao siku ile hawakuwepo, hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa kamba imeharibika.

Nyumbani nilifungua kapi langu kwenye stoo. Mke wangu akauliza mbona. Nikamwambia. Yeye akaenda kuchemsha maji ya kulikanda bega. Hasira zangu zilikuwa mpaka shingoni, lakini kitu nilichokitaka kilikuwa kidogo. Ng'ombe wangu akila mahindi ya jirani, sisubiri mwenye shamba anifuate. Nakwenda mwenyewe langoni kwake nasema: ni ng'ombe wangu. Baada ya hapo mnaweza kuzungumza. Kabla ya hapo hamna mazungumzo. Nilitaka mtu wa ile hospitali aseme: ni kamba yetu.

Mkutubi aliporudi kuwafundisha mara ya pili, nilimngoja barazani. Nilimuuliza bega hili litapona au la.

"Baba yangu, mimi si tabibu," akasema. "Kazi yangu ni kuwaonyesha namna ya kutafuta. Nikikujibu nitakuwa nakudanganya."

Nilimheshimu kwa hilo. Ndiye peke yake aliyeniambia hajui.

Binti wa kamba alinikuta ukumbini nikitoka. Hapakuwa na mtu. Akasimama karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Babu, nisamehe. Nilikuwa nashuku."

"Ulikuwa unashuku nini?"

"Ile kamba. Tangu uliponiambia inakuumiza. Ndiyo maana siku ya semina niliuliza lile swali."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulishuku tangu siku ile, ukaniacha nivute?"

"Mkuu ndiye aliyeifunga, babu. Ningemwambia nini bila ushahidi?"

"Mimi nilikwambia inaniumiza."

"Neno la mgonjwa mmoja..." akaanza, akaacha.

"Malizia."



Nikamwambia msamaha wake nimeusikia, ila hauchukuliki ukumbini, kama kitu cha wizi. Aingie ndani, mle mle chumbani, mkuu wake akiwepo na wagonjwa wakiwepo, aseme kamba haikuharibika, iliharibu. Wako waliokwenda nyumbani wakafunga za kwao, kama mimi. Hao nani atawaambia? Akasema, "Nitafukuzwa, babu." Huenda ni kweli. Ana mama yake Mbulu anayemtegemea, aliwahi kunisimulia tukiwa marafiki. Nikamwambia tena: sema. Hilo nililisema mara mbili.

Mpaka leo hajasema. Mimi bado nakwenda, kwa sababu mkono ni wangu na mazoezi ya mezani hayaniumizi, nalikubali hilo pia. Kijiko bado kinaniponyoka. Kila nikiingia ananiamkia kwa heshima zote, anasimama, ananivutia kiti. Simwitikii. Nauweka mkono wangu juu ya kitambaa, namwambia tuanze.